GARI LA CHAMA LINAPOZIMIKA NJIANI



Katika hesabu za vyama vyenye gari, fungu la matengenezo hunichukulia muda mrefu kuliko mafungu mengine yote isipokuwa mikopo. Gari likivunjika springi, hati moja ya malipo hutosha na jambo likaisha. Lakini gari linalozimika na kuwaka, leo likagoma na kesho likaenda kama si lenyewe, hilo huzaa hati juu ya hati. Kila hati ina kifaa kipya, na mwaka ukifungwa gari lingali linazimika. Makala haya yanahusu ugonjwa huo, hasa katika pikapu kongwe za petroli zenye kabureta, kama vile Datsun, Peugeot 404 na Toyota Hilux za zamani, ambazo baadhi ya wanachama wetu wangali wanazitegemea.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, si fundi wa magari. Ninayoyaandika nimeyapata kwa kusoma hati za malipo na kwa kusimama kando ya mafundi wakifanya kazi. Palipo na kitabu cha gari, kitabu ndicho kifuatwe.

Chama kimoja cha kaskazini ya mji, nacho nakihifadhi jina, kinamiliki pikapu ya petroli yenye umri mkubwa kuliko katibu wake. Alfajiri huchukua ndizi, mihogo na mboga za wanachama kupeleka sokoni, na jioni hurudi na mbolea na bidhaa za duka. Nilipofika kukagua, nilikuta katika ajenda ya Kamati jambo la kumwachisha kazi dereva. Alishitakiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba gari humzimikia kila mara mahali pamoja, karibu na Mtoni, mizigo ikachelewa na mboga zikanyauka. La pili, ambalo ndilo lililomtia hatiani, ni kwamba katibu alipanda naye siku mbili mbalimbali ili kujionea. Siku zote mbili gari lilizimika, katibu akateremka kukagua petroli, akaikuta tele, na aliporudi kuketi gari likawaka. Kamati ikakata shauri kwamba dereva analizima mwenyewe ili apate kupakia abiria wake au kufyonza petroli, na mbele ya katibu akaona haya akaliwasha.

Wazee wawili wa chama walikuwa na rai nyingine. Walisema gari linazimika mkabala wa magofu ya kasri la Seyyid Said, na kwamba mahali pale pana wenyewe. Rai hiyo haikuandikwa katika kumbukumbu za mkutano, nami sikuiuliza.

Niliomba jalada la hati za malipo, nikazipanga mezani kwa tarehe. Ya kwanza katika mfululizo ule haikuwa ya matengenezo. Ilikuwa ya kizibo kipya cha tangi la petroli, chenye kufuli, kilichonunuliwa baada ya wanachama kulalamika kwamba petroli inapungua. Ufunguo wake aliuweka katibu. Siku kumi na moja baadaye ikafuata hati ya plagi nne. Kisha koili. Kisha koili nyingine, kwa kuwa ya kwanza ilidhaniwa mbovu. Kisha pampu ya petroli, na mwisho kabureta iliyokwisha kutumika, ambayo peke yake ilikula faida ya duka ya miezi miwili. Hati ya kizibo sikuipa maana wakati ule. Niliihesabu miongoni mwa matumizi ya ulinzi, nikaipita.

Nilimwendea fundi mmoja wa Mtoni, mtu mzima aliyezeeka pamoja na kabureta, nikamweleza habari ya gari lile. Hakuuliza vifaa gani vimebadilishwa. Aliniuliza, “Bwana Mkaguzi, linakufa ghafla, au linakata roho polepole?” Sikuwa na jibu. Akaendelea, “Tangi linakuwa limejaa au limepungua? Na likizimika, mtu wa kwanza kuteremka anafanya nini?” Hayo nayo sikuyajua, wala katibu hakuyajua, wala hayakuandikwa popote, ingawa chama kilikwisha kulipa hati tano za matengenezo. Aliyeyajua ni dereva peke yake, na hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa alikuwa mshitakiwa.

Nieleze sasa kwa nini maswali yale yana thamani kuliko koili mbili.

Injini ya petroli haiwezi kwenda bila mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri yake, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche ya umeme kwa wakati wake. Mgandamizo, kwa kawaida, hauji ukaondoka. Silinda iliyochakaa imechakaa asubuhi na jioni. Kwa hiyo gari linalozimika kisha likawaka limekosa kwa muda moja katika mawili yaliyobaki, ama cheche, ama petroli. Na haya mawili hayaui injini kwa namna moja. Umeme ukikatika, injini hufa kama taa iliyozimwa ukutani: ilikuwa inavuta vizuri, mara kimya. Petroli ikikatika, injini haifi mara moja, kwa sababu ndani ya kabureta kuna bakuli dogo lenye akiba. Gari huanza kupoteza nguvu, hushtuka-shtuka, ukikanyaga halitii, ukiachia hupata nafuu kidogo, kisha ndipo hufa. Dereva yeyote mzoefu huweza kueleza tofauti hiyo akiulizwa siku ile ile. Akiulizwa baada ya wiki mbili atasema tu kwamba lilizimika.

Jambo linalowapoteza wengi ni lile la gari kuwaka baada ya kupumzika. Husemwa, “Likipoa linawaka, basi ni koili.” Kweli koili iliyoharibika ndani hufanya hivyo: ikipata moto waya zake hupoteza mawasiliano, na baada ya nusu saa hurudi. Lakini petroli iliyogeuka mvuke ndani ya bomba lililo karibu na ekzosti nayo hufanya hivyo, hasa mchana wa kaskazi. Takataka zilizonyonywa zikaziba mdomo wa bomba ndani ya tangi nazo hufanya hivyo, kwani injini ikizima hazivutwi tena, zikaanguka zenyewe. Magonjwa yote haya hupona kwa kupumzika, kwa hiyo kupumzika hakuthibitishi ugonjwa hata mmoja. Uchunguzi wenye maana ni ule unaofanywa katika dakika za kwanza, kabla gari halijapona.

Namna ya kuufanya ni hii. Gari liondolewe barabarani kabisa, watu walioko nyuma wateremke upande wa kando, na alama ya pembetatu iwekwe. Starta isizungushwe mfululizo hadi betri ikafa. Kwanza hutazamwa cheche. Waya mnene wa kati unaotoka kwenye koili huchomolewa katika kifuniko cha distributa, hushikwa kwa koleo lenye mpini wa mpira, na ncha yake huwekwa mbali na chuma cha injini kadiri ya unene wa njiti mbili za kiberiti, mwenzako akizungusha starta. Cheche ya samawati inayoalika ina maana kwamba umeme hadi pale ni mzima. Cheche ya manjano iliyo hafifu, au kutokuwapo kwa cheche, huelekeza kwenye umeme. Asiyezoea amwachie fundi, kwani pigo la koili si mchezo. Palipo na harufu kali ya petroli au uvujaji, jambo hilo lisifanywe kabisa.

Waya ukisharudishwa na ufunguo ukazimwa, ndipo hutazamwa petroli. Chujio la hewa huondolewa juu ya kabureta, na mkono wa kabureta husukumwa kwa kidole huku ukitazama ndani. Petroli ikiruka kwa mchirizi mwembamba, bakuli lina akiba, na kasoro haiko upande wa tangi. Ikiwa pakavu, petroli haifiki. Hapo, kabla ya kugusa pampu wala bomba, nenda kwenye tangi, fungua kizibo taratibu na usikilize. Haihitaji kusemwa kwamba sigara haina nafasi katika shughuli hii, lakini nimewahi kuiona.

Siku ya pili nilipanda katika gari lile pamoja na dereva na katibu. Tulijaza tangi mpaka shingoni, kama ilivyo desturi ya chama hicho siku za soko, na nikauomba ufunguo wa kizibo nikautia mfukoni mwangu. Tulipita Bububu, tukapita Kibweni. Tulipokaribia Mtoni gari lilianza kukosa nguvu. Dereva akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, “Ndiyo hivyo, Bwana Mkaguzi, linaanza.” Likashtuka mara tatu nne, likafa. Cheche ilikuwa nzuri, ya samawati. Kabureta ilikuwa kavu. Nikampa katibu ufunguo wake. Alipokizungusha kizibo, tangi lilivuta pumzi ndefu iliyosikika hadi kwa dereva. Baada ya hapo starta ilizungushwa kidogo tu, injini ikawaka.

Kila anayefungua kopo la maziwa mazito anajua kwamba hutobolewa matundu mawili: moja la kutokea maziwa na jingine la kuingizia hewa. Ukitoboa moja tu, maziwa hutoka matone machache yakasita. Tangi la petroli ni kopo hilo hilo. Kila lita inayotoka lazima nafasi yake ijazwe na hewa, na katika magari mengi ya zamani hewa hiyo huingia kwa tundu dogo lililomo katika kizibo. Magari ya baadaye yana bomba maalumu la hewa, na vizibo vyake hufunga kabisa. Ukichukua kizibo cha gari la namna hiyo ukakitia katika pikapu ya zamani, huenda kikaingia sawasawa na kufuli likafunga, lakini tangi halipumui. Pampu huvuta mpaka uvutano wa tangi unaposhinda nguvu zake, kisha petroli husimama. Yapo matangi ambayo kuta zake zimebonyea ndani kwa sababu hiyo.

Mambo yote yaliyokuwa fumbo yakafumbuka pamoja. Gari lilizimika siku za tangi lililojaa, kwa kuwa tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, na kutoa lita moja tu hutosha kuidhoofisha hewa ile. Siku za nusu tangi nafasi ya hewa ni kubwa, ndiyo maana lilikwenda na kurudi bila taabu. Lilizimika karibu na Mtoni kwa sababu chama hujaza petroli kituo kile kile, na kutoka pale mpaka Mtoni petroli inayotumika ni ile ile. Likiachwa, hewa ilipenya polepole kwenye ukingo wa kizibo, ikawa kama limepoa. Gereji halikuzimika kwa sababu mafundi hulijaribu kwa mwendo mfupi, nalo lilipelekwa huko tangi likiwa karibu tupu, kwa kuogopa petroli isiibiwe. Na katika siku zile mbili za katibu, yeye mwenyewe ndiye aliyeliponya. Aliteremka kumchunguza dereva, akafungua kizibo, tangi likapumua, gari likawaka, naye akauhesabu uponyaji ule kuwa ushahidi wa hila.

Katibu alikaa kimya mpaka tulipofika Maruhubi. Kisha akasema, “Tumemdhulumu mtu kwa kufuli.” Neno hilo ni lake, nami nimeliandika kwa ruhusa yake.

Nisije nikaeleweka kwamba kila pikapu inayozimika ina kizibo kibaya. Pale kabureta inapokuwa kavu na tangi lisivute pumzi, yako mengine ya kutazamwa kwa utaratibu kutoka tangini kwenda mbele: chujio, mabomba ya mpira yaliyolegea yakanyonya hewa au yaliyovimba ndani, kisha pampu. Vyama vinavyotia petroli kwa madumu navionya juu ya jambo moja. Kipande cha nailoni kilichowekwa mdomoni mwa dumu lisivuje huanguka tangini, kikaelea huko mwaka mzima, na siku kikikaa juu ya mdomo wa bomba gari husimama. Fundi hupuliza bomba kwa upepo, kipande kikatoka, gari likaenda, na baada ya siku tatu kikarudi. Chama kikiona hati za “kupuliza bomba” zaidi ya mara mbili, tangi literemshwe na kuoshwa. Ama mvuke wa petroli hujulikana kwa kufunika pampu na bomba kwa kitambaa kilichorowa maji: likiwaka baada ya dakika chache, bomba lihamishwe mbali na joto. Maji yasimwagwe juu ya injini wala ekzosti yenye moto.

Upande wa umeme una hadithi ndefu zaidi. Mfumo wa koili na pointi ulibuniwa Marekani na Charles Kettering ukatiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910, na kwa miaka zaidi ya sitini magari mengi ya petroli duniani yaliutumia. Kasoro zake za kuja na kuondoka zinajulikana. Ya kwanza ni waya mwembamba ulio ndani ya distributa unaokwenda kwenye pointi. Hupindika kila sahani ya pointi inapojigeuza, nyuzi zake hukatika ndani ya gamba, nje ukaonekana mzima. Uvute taratibu, ukinyumbuka kama mpira umekwisha. Ya pili ni kondensa. Ya tatu ni swichi ya ufunguo yenyewe, hasa pale dereva anapotundika humo shada zima la funguo za ghala, likawa linaning’inia na kutikisika kila shimo la barabara. Nimeona chama kilichopona kwa kuondoa shada hilo tu.

Koili ina jambo lake ambalo makatibu wanaonunua vifaa hawana budi kulijua. Magari mengine huipa koili umeme kupitia kikinza, yaani kipande cha kupunguzia nguvu za umeme, na mengine huipa volti 12 kamili. Koili za aina hizi mbili hufanana kwa sura. Iliyokusudiwa kikinza ikipewa volti 12 kamili hupata moto kupita kiasi, huunguza pointi, na hufa mapema. Basi dukani isiulizwe koili tu. Ipelekwe ile kuukuu, na maandishi yaliyo juu yake yasomwe.

Magari yanayoshuka pwani kuchukua dagaa, au mwani, ambao umekuwa ukilimwa kwa biashara katika pwani ya mashariki ya Unguja tangu 1989, hupatwa zaidi na kutu ya chumvi katika ule waya mnene unaounganisha betri na bodi, na bodi na injini. Ufunguliwe, ukwanguliwe mpaka chuma king’ae, ufungwe tena kwa kukazwa na kupakwa grisi. Kazi hiyo haina gharama.

Wenye pikapu za dizeli hawana cheche ya kutafuta. Kwao kuzimika ghafla mara nyingi hutokana na waya uliolegea kwenye swichi ndogo ya pampu ya dizeli inayokata mafuta. Kuzimika kwa kusuasua hutokana na hewa iliyopenya katika mabomba, maji katika chujio, au, kwao pia, kizibo kisichopumua.

Kwa dereva nasema hili moja. Gari likizima katika mwendo, usizungushe ufunguo hadi mwisho, kwani usukani huweza kujifunga. Katika gari lenye msaada wa breki, msaada huo hubaki kwa kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha pedali huwa ngumu. Kanyaga mara moja kwa nguvu na usiachie mpaka gari lisimame.

Naagiza kila chama chenye gari kiongeze ukurasa katika daftari la safari. Kila gari linapozimika dereva aandike, kabla ya kurudi chamani, saa na mahali. Kilomita tangu lilipotoka. Tangi limejaa kiasi gani. Jua au mvua. Lilikufa ghafla au kwa kusuasua. Cheche ilikuwapo au la. Petroli ilikuwapo au la. Na ni nini kilichofanywa kabla halijawaka, hata kikiwa kidogo kama kufungua kizibo. Asiyejua kuandika amwambie katibu, naye aandike maneno yale yale bila kuyapamba. Fundi asomewe ukurasa huo kabla ya kushika spana. Na hati ya kifaa kipya isipitishwe na Kamati mpaka imeandikwa juu yake ni jaribio gani lililoonyesha kwamba kile cha zamani ni kibovu. Nitaiuliza katika ukaguzi.

Chama kile kimepata kizibo kingine, chenye kufuli na chenye tundu la hewa, na ufunguo mmoja yuko nao dereva kwa kutia sahihi. Jambo la kumwachisha kazi liliondolewa katika ajenda, na mishahara ya siku alizosimamishwa imelipwa. Katika rafu ya ofisi nilikuta koili ya asili, koili ya pili, pampu na kabureta, vyote vizima, havijaandikwa popote. Nimeelekeza viingizwe katika daftari la vifaa kwa bei vilivyonunuliwa, na ile koili ya asili iingizwe bila bei.